SDI chini ya 3: namba inayotulaza usingizi

Hebu tuanze na ndoo. Mbele yako kuna maji ya bahari yaliyokwisha kupita kwenye chujio la mchanga, na bosi anataka umwambie kama yanafaa kuingia kwenye mtambo wa kuondoa chumvi. Unachukua karatasi ya kuchujia yenye kipenyo cha milimita 47 na vitundu vya maikromita 0.45. Unasukuma maji yapite hapo kwa shinikizo la baa 2 na kidogo. Unahesabu sekunde hadi mililita 500 za kwanza zijae. Maji yanaachwa yaendelee kupita, na dakika ya 15 ikifika unapima tena mililita 500. Kama mara ya kwanza zilijaa kwa sekunde 20 na mara ya pili kwa sekunde 30, basi kasi imepungua kwa theluthi moja, yaani asilimia 33. Gawanya 33 kwa dakika 15, unapata 2.2.

Hiyo 2.2 ndiyo SDI, kipimo cha tope ambacho kila anayeshughulika na mitambo hii anakijua. Watengenezaji wa tando kwa kawaida wanataka isizidi 5, na wahandisi wengi wanapendelea iwe chini ya 3. Kwa hiyo bosi anafurahi, unaandika namba kwenye daftari, mnakwenda kunywa chai.

Mimi nina ugomvi na hiyo chai.

Kwa wewe unayefika hapa kwa mara ya kwanza: mitambo mingi mipya ya kuondoa chumvi inatumia osmosisi ya kinyume. Maji ya bahari yanasukumwa kwa shinikizo kubwa, kama baa 55 hadi 70, yapite kwenye utando unaoachia maji na kuzuia chumvi. Utando huo umekunjwa kama mkeka ndani ya bomba, na nafasi ambayo maji ya chumvi yanapita kati ya tabaka na tabaka haifiki hata milimita moja. Nafasi hiyo ikiingia uchafu, huwezi kupitisha brashi. Ndo maana kabla ya utando kuna kazi ndefu ya kuyaandaa maji: kuzuia samaki na mwani kwa wavu, kutia dawa ya kugandisha uchafu (shabu ya kiwandani, tuseme, ingawa baharini hutumika zaidi kloridi ya chuma), kuchuja kwa mchanga, kisha vichujio vya katriji mlangoni. Kazi hiyo ndiyo usafishaji wa awali, na SDI ndiyo karatasi ya mtihani wake.

Makala za sayansi, za kwetu humu ndani zikiwemo, zinapenda kuusifia utando. Kila baada ya miaka michache inakuja habari ya utando mpya, mwembamba zaidi, eti utamaliza kiu ya dunia. Lakini mwaka 2011 Menachem Elimelech na William Phillip waliandika kwenye jarida la Science hesabu moja ambayo ingepaswa kutuliza shangwe. Kupata maji matamu kutoka maji ya bahari ya kawaida, ukivuna nusu ya maji uliyoingiza, kunahitaji kwa sheria za fizikia takriban kilowati-saa 1.06 kwa kila mita ya ujazo. Mitambo mizima inatumia mara tatu hadi nne ya hapo, na hatua ya utando imeshakaribia mpaka wake. Wao wakashauri utafiti uelekezwe kwenye hatua zinazotangulia na zinazofuata utando. Nimeisoma ile makala mara nyingi, na bado naona wanafunzi wenzangu wakikimbilia utando. Nawaelewa, utando unachapishika. Mchanga na shabu nani atavipigia makofi?

Sasa turudi kwenye namba yetu, maana hapo ndipo penye kasoro.

Kasoro ya kwanza ni ya hesabu tu. Ukifanya kipimo cha dakika 15, SDI haiwezi kupita 6.67, kwa sababu karatasi haiwezi kuziba zaidi ya asilimia 100. Jaribu mwenyewe. Mara ya kwanza sekunde 20. Mara ya pili zikiwa sekunde 80, SDI ni 5. Zikiwa sekunde 200, ni 6. Zikiwa sekunde 2,000, ni 6.6. Umeona? Kati ya maji ya pili na ya tatu uzibaji ni tofauti kabisa, lakini kwenye daftari kuna nukta sita tu katikati yao. Kanuni zenyewe za kipimo zinalijua hili, ndiyo maana zinasema karatasi ikiziba kupita robo tatu, upime kwa dakika 10 au 5 badala ya 15. Lakini hapo tena umebadilisha rula, na namba ya leo huwezi kuilinganisha na ya jana.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Ukipiga hesabu ya kasi ambayo maji yanapita kwenye ile karatasi mwanzoni mwa kipimo, utakuta ni zaidi ya mara 3,000 ya kasi ambayo maji yanapenya kwenye utando halisi. Kwenye karatasi maji yote yanasukumwa moja kwa moja, uchafu hauna pa kwenda. Kwenye utando maji mengi yanapita kando kando, yanafagia. Karatasi ina vitundu vya maikromita 0.45, chembe ndogo kuliko hapo inapita bila kuonekana, wakati utando hauipitishi ng'o. Kwa kifupi, ni kama kupima kama barabara inafaa kwa baiskeli kwa kuendesha lori juu yake kwa robo saa.

Ningevumilia hayo yote. Kasoro ambayo siisamehe ni ya tatu: SDI inadhani uchafu wa bahari umekufa.

Mililita moja ya maji ya juu ya bahari ina bakteria wanaokaribia milioni moja. Tuseme usafishaji wako wa awali ni hodari, unaondoa asilimia 99.99. Wamebaki 100 kwa mililita, yaani milioni 100 kwa kila mita ya ujazo, na mtambo wa kawaida unameza maelfu ya mita za ujazo kwa siku. Chembe ya mchanga ikipenya, inabaki chembe moja. Bakteria akipenya, anatafuta mahali pa kushika, anatoa ute, anazaana. Kwa dakika 15 hatakuonyesha chochote. Mpe wiki tatu.

Mimi hili sikulijua kwa kusoma. Maabara kwetu tuna mtambo mdogo wa majaribio, unaotosha mezani. Nilikuwa napima SDI kila asubuhi kwa uaminifu kama mtu anayemeza dozi, na kila asubuhi ilikuwa 2.3, 2.5, 2.4. Nikachora grafu nzuri iliyonyooka. Wakati huohuo tofauti ya shinikizo kati ya mlango wa kuingilia na wa kutokea ilikuwa inapanda taratibu, lakini nikasema geji imezeeka. Siku nilipofungua bomba na kukunjua utando, nilikuta utelezi wa rangi ya kahawia unaovutika kama mlenda, na harufu yake sitaieleza hapa maana wengine mnasoma mkiwa mnakula. Grafu yangu ilikuwa sahihi kabisa. Ilikuwa inajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Kilichoniuma zaidi ni kugundua kwamba ute ule niliulisha mwenyewe. Nilikuwa natia klorini mwanzoni ili kuua bakteria, kama vitabu vya zamani vinavyoelekeza. Klorini inaua kweli. Lakini pia inakatakata molekuli kubwa za mabaki ya mimea na viumbe zilizomo kwenye maji, zinakuwa vipande vidogo ambavyo bakteria anaweza kuvila. Tando za poliamaidi haziwezi kuvumilia klorini, kwa hiyo kabla ya kuufikia utando unatia sodiamu baisalfaiti kuiondoa. Fikiria sasa hali ilivyo: walinzi wameondolewa mlangoni, chakula kimekatwakatwa vizuri na kutandazwa mezani, na wale wachache walionusurika hawana wa kugombania nao. Mitambo mingi mikubwa ilijifunza hili kwa gharama, ikaacha kutia klorini mfululizo na kuanza kutia kwa vipindi. SDI wakati wote huo haikusema neno. Vipande vya chakula vimeyeyuka kwenye maji. Karatasi ya maikromita 0.45 itavionaje?

Unaweza kusema haya ni ya maabara. Haya, twende Florida.

Mtambo wa Tampa Bay uliundwa kutoa galoni milioni 25 kwa siku, kama mita za ujazo 95,000. Ulichukua maji yaliyokwisha kupoza kituo cha umeme cha Big Bend, wazo zuri kwa sababu maji ya vuguvugu yanapenya utando kwa urahisi zaidi. Ukaanza kutoa maji mwaka 2003. Ukashindwa majaribio ya kukabidhiwa. Tando zilichafuka haraka, vichujio vya katriji vikawa vinaziba kabla ya wakati wake, na kati ya waliotajwa kuhusika ni kome wa kijani wa Asia, viumbe ambao walionekana kwenye ghuba ile kwa mara ya kwanza mwaka 1999, mtambo ukiwa bado kwenye makaratasi. Viluwiluwi vya kome ni vidogo, vinaingia, vinashika ukuta wa bomba, vinaota. Kampuni zaidi ya moja zilizohusika na mradi zilifilisika. Matengenezo yakachukua miaka, na gharama ikapanda kutoka kama dola milioni 110 hadi karibu milioni 158. Mtambo ulirudi kazini kikamilifu mwishoni mwa 2007 na kuingia 2008.

Angalia walichorekebisha. Hawakugundua utando mpya. Walishughulikia wavu wa kuingizia maji, ugandishaji wa uchafu, na wakaongeza vichujio vya udongo wa daiatomu, ule unga mweupe unaotokana na magamba ya mwani mdogo uliokufa mamilioni ya miaka iliyopita. Napenda sana sehemu hii: mwani uliokufa zamani ukaajiriwa kuwazuia walio hai.

Kisa cha pili kiko karibu na sisi zaidi, na nadhani kila mwanafunzi wa maji angepaswa kukijua kama anavyojua jina lake. Agosti 2008 bahari upande wa mashariki wa Falme za Kiarabu ilianza kubadilika rangi. Ilikuwa kiumbe wa chembe moja aitwaye Cochlodinium polykrikoides. Balaa lile lilidumu zaidi ya miezi minane, likagusa zaidi ya kilomita 1,200 za pwani, likaua maelfu ya tani za samaki, na likalazimisha mitambo kadhaa ya kuondoa chumvi kufungwa. Nchi za Ghuba, msomaji, hazina mto wa kukimbilia. Mtambo ukifungwa, watu wanaishi kwa maji yaliyomo kwenye matangi.

Mitambo ya zamani ya kuchemsha maji iliathirika kidogo kuliko ile ya tando, maana mvuke haujali mwani. Iliyoumia ni ile iliyotegemea mchanga peke yake. Mwani ule una ganda laini; ukiusukuma kwa nguvu kwenye mchanga unapasuka na kumwaga ute wake, na ute huo ndio unaopenya na kwenda kulisha bakteria kwenye utando. Kwa hiyo chujio lilikuwa linafanya kazi yake na wakati huohuo linatengeneza tatizo la hatua inayofuata. Baada ya hapo njia ya viputo ikapata heshima Ghuba: unayeyusha hewa kwenye maji kwa shinikizo, unaiachia, viputo vidogo vinabeba uchafu hadi juu na wewe unaukwangua. Ni busara ya kawaida kabisa. Mwani ni mwepesi, unataka kuelea. Sisi miaka yote tulikuwa tunaulazimisha uzame.

Sasa utasikia watu wa ultrafiltresheni wakisema wao wana dawa. Vichujio vyao vina vitundu vya kama maikromita 0.02, bakteria wengi hawapiti, na SDI inayotoka hapo ni ya kupendeza. Sina ugomvi na chombo chenyewe, kizuri sana. Nina ugomvi na tangazo. Mtu anauza kichujio chenye vitundu vidogo kuliko karatasi ya mtihani, halafu anajisifu kwamba amefaulu mtihani! Bila shaka amefaulu. Swali ni chakula kilichoyeyuka kimekwenda wapi, na jibu ni kwamba kimepita, kinawasubiri bakteria watakaoota kwenye bomba lililo mbele ya kichujio. Na msimu wa mwani ukija, chombo hichohicho kinaziba kwa ute na kinahitaji kuoshwa mara kwa mara, na bado unakuta kinahitaji dawa ya kugandisha mbele yake.

Kinachonivutia zaidi, niseme ukweli, ni ufuo. Sur, Oman, mji ambao wazee wa Unguja na Mombasa wanaujua kwa majahazi, una mtambo uliojengwa kwa uwezo wa takriban mita za ujazo 80,000 kwa siku ambao haukuchota maji yake baharini moja kwa moja. Ulichimba visima ufukweni. Maji ya bahari yanapenya ardhini polepole, na viumbe wanaoishi kwenye mchanga na mawe wanakula njiani kile ambacho kingekwenda kulisha ute kwenye utando. Mwani unabaki juu. Yaani usafishaji wa awali unafanywa na bakteria, wale wale tunaowakimbiza kwa klorini, ila hapa wamepewa kazi mahali panapofaa. Si kila mahali pataruhusu. Mwamba usiopitisha maji haukusaidii, ufuo wa matope haukusaidii, kisima kimoja hakitoi maji mengi, na wakati mwingine ardhi inakupa chuma au manganizi ambayo hukuiomba. Lakini panapokubali, sijui kwa nini mtu aanze na kitu kingine.

Niitendee haki SDI pia. Ni rahisi, haihitaji maabara, fundi yeyote anaweza kuipima alfajiri kabla mwenye hoteli hajaamka. Ikiruka ghafla kutoka 2.5 hadi 4.8, unajua chujio la mchanga limepasuka au pampu ya dawa imesimama, na hiyo ni habari ya thamani. Jan Schippers na wenzake walitengeneza kipimo kingine, MFI, ambacho hesabu yake inafuata kweli kiasi cha uchafu, lakini kinahitaji vifaa na utulivu zaidi. Kuna vipimo vya ute wenyewe unaoelea baharini, na vya chakula ambacho bakteria wanaweza kukila, vinavyohitaji siku kadhaa na mtu mwenye mikono safi. Sitarajii fundi wa hoteli ndogo ya Nungwi avifanye. Ila ana geji mbili tayari, moja kabla ya tando na moja baada. Tofauti yake ikiandikwa kila siku kwenye daftari lilelile la SDI, inaonyesha ute ukiota wakati bado unaoshika. Mimi nilikuwa nazo zote mbili mezani na nikasingizia uzee wa geji.

Kwa hiyo ukikutana na maandiko ya mradi wa kuondoa chumvi kwenye pwani yetu, na yatazidi kuwa mengi, ruka kurasa za utando. Tafuta pale panaposema maji yalipimwa lini. Mara nyingi utakuta sampuli za wiki mbili za kaskazi, maji maangavu hadi unaona miguu yako, SDI safi. Kisha uliza kama kuna aliyerudi na ndoo yake mwezi wa nne, masika, mto ukiwa umemwaga tope lake baharini, au wakati wa kusi upepo ukiwa umekoroga kila kitu. Tena uliza maji yatachotwa kina gani, kuna nini jirani na bomba, na kama ufuo ulichunguzwa kabla ya kuamua kuchota moja kwa moja.

Utando wangu wa mlenda bado upo kwenye friji ya maabara, ndani ya mfuko uliofungwa mara mbili. Wenzangu wameomba niutoe. Nimewaambia nasubiri wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza waje waunuse kwanza.